Harufu ya Mabibo

Kofi lile Mwalimu Ethel alilipiga kwa mkono wa kulia, mkono ule ule ulioshika chaki kwa miaka kumi na sita, nalo lilimpata Flora shavuni kabla mtoto hajamaliza kusema kwamba hakunywa kitu.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 2004, msimu wa korosho umepamba moto juu ya uwanda wa Makonde. Chini ya kila mkorosho mabibo yalilala, mekundu na ya njano, yakichacha juani, na katika nyua nyingi za kijiji cha Mkunya wanawake waliyakamua maji yake na kuyaacha kwenye madumu yageuke uraka, pombe ile nyepesi inayoanza asubuhi kama juisi na kumwangusha mtu jioni. Flora alikuwa na umri wa miaka tisa. Alirudi kutoka uani kwa shangazi yake akiyumba, macho mazito, akatapika mlangoni, na alipoinua uso pumzi yake ilitoka na harufu tamu ya bibo lililochacha.

“Umekunywa uraka.”

“Sijanywa, mama.”

“Nanusa kwa pua yangu mwenyewe, Flora!”

Ndipo likaja lile kofi. Shangazi mwenye madumu, dada yake Bernard, mumewe Ethel, alifika mbio huku akijifunga khanga. “Wifi, usinitazame hivyo. Madumu yangu nimeyafunika. Ila mtoto wa mwalimu naye, kaanza masomo ya juu kabla hajamaliza la tatu!” Akacheka, na majirani wawili wakacheka naye.

Ethel hakucheka. Alikuwa mzaliwa wa Lulindi, mjukuu wa mwalimu wa misheni, na katika Umoja wa Akina Mama kanisani yeye ndiye aliyesimama kila mwaka kuzungumzia pombe na malezi. Mtoto wake alewe mchana kweupe, mbele ya watu! Aibu hiyo ilimziba macho, na kwa kuwa macho yalikuwa yamezibwa, kila alichokiona kabla ya siku ile kilijipanga upya kumthibitishia.

Kwa wiki tatu Flora alikuwa akinywa maji kupita kiasi. Juu ya uwanda maji si kitu cha kuchezea. Mto uko chini kabisa ya mteremko. Watu huvuna mvua kutoka kwenye mabati na kuihifadhi katika kisima cha saruji uani, na ifikapo Novemba kila kata ya maji ina mwenyewe. Ethel alikuwa amekifunga kifuniko cha kisima kwa kufuli na kuuvaa ufunguo shingoni. Mtoto akaanza kuiba maji ya kuoshea vyombo. Siku moja Ethel alimkuta amepiga magoti, anakunywa kwenye kigae cha maji ya kuku. Na Flora, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani tangu ana miaka mitatu, alianza tena. Akachapwa kwa hilo pia. Alikonda. “Anarefuka huyo,” Bernard alisema. Sasa kiu, mkojo, matapishi na harufu vyote vilijieleza kwa neno moja. Mwalimu wa hesabu alikuwa amejumlisha kila tarakimu bila kukosea, akapata jibu la uongo.

“Mlazeni,” alisema. “Itamtoka.”

Haikumtoka. Kulipopambazuka Flora alikuwa anapumua kama aliyepanda mteremko kwa miguu, na hakujibu alipoitwa.

*

Gari la kwanza lililopita lilikuwa linashuka kwenda Masasi, nao wakashuka nalo mpaka hospitali moja ya misheni. Daktari alinusa pumzi ya mtoto, akapima mkojo na damu, akaamuru dripu kabla hajaeleza lolote. Maelezo yalikuja mchana.

“Ni kisukari.”

Bernard, mkulima wa korosho ambaye hakuwa mtu wa kubishana na wasomi, safari hii alibisha. “Daktari, samahani. Kisukari si ugonjwa wa wakubwa wenye vitambi? Huyu chai ya sukari anaiona Jumapili.”

“Hiki ni cha aina nyingine, mzee. Mwili wake umeacha kutengeneza insulini. Hakuna aliyemlisha vibaya wala aliyemroga. Atapewa insulini kwa sindano.”

“Mpaka lini?”

“Siku zote.”

Walikaa pale majuma mawili. Nesi Huruma, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, alimfundisha Ethel kuvuta dawa kwenye bomba, kuchoma pajani na tumboni, na kupima sukari kwa kuchemsha matone ya mkojo katika maji ya rangi ya bluu. Yakibaki bluu ni heri. Yakienda kijani, njano, machungwa, ni kupanda ngazi. Yakiwa mekundu kama tofali, hatari. Ethel alipewa chupa ya maji hayo ya bluu, mabomba, na vichupa viwili vya dawa.

“Ikae kwenye friji,” Nesi Huruma alisema.

“Mkunya hakuna umeme, dada.”

“Hakuna friji hata moja?”

“Iko ya Mzee Shamte dukani, ya mafuta ya taa. Ya soda.”

“Basi hiyo hiyo.”

Huenda nesi aliongeza neno baada ya hapo. Baadaye Ethel alijaribu mara nyingi kulikumbuka, na kila mara alijiona amesimama pale mlangoni, mtoto begani, akiitikia ndiyo kwa kila kitu, huku kichwani mwake lile kofi likirudia kulia.

*

Desemba ilikuwa mwezi wa matumaini. Kufuli liliondolewa kisimani, mvua zikaanza, na kila asubuhi Ethel alichemsha mkojo na kuandika rangi katika daftari la mistari kama anavyoandika mahudhurio: bluu, kijani, kijani, bluu. Flora alirudisha mashavu. Mzee Shamte aliipokea dawa kwa heshima zote, akaipa nafasi yake katikati ya soda. Shamte alikuwa na sababu ya kumheshimu mwalimu huyu. Mwanawe Swalehe alifundishwa na Ethel jioni baada ya jioni, bure, mpaka akafaulu darasa la saba, na mapema Januari akachaguliwa kwenda sekondari ya Chidya. Hakuna mtoto wa ukoo ule aliyewahi kufika sekondari.

Katikati ya Januari rangi zikaanza kupanda. Njano. Machungwa. Ilipofika Februari, daftari lilikuwa na neno moja tu, ukurasa mzima: tofali, tofali, tofali. Ethel alipima dozi mara mbili mbili. Alimpunguzia mtoto ugali hadi Flora akawa analia kwa njaa mezani. Alibadili paja, akabadili mkono. Kiu ilirudi, na pamoja nayo ule mwendo wa mtoto wa kuzungukazunguka kisima bila kugusa kifuniko, ingawa kufuli halikuwepo tena.

“Dawa imemzoea,” Bernard alisema. “Au haikuwa dawa. Mama Flora, unamtoboa mtoto kama chujio na mkojo unatoka tofali. Mimi nimechoka kumshika mikono.”

“Tusipomchoma atakufa. Umemsikia daktari.”

“Na tukimchoma unaona nini?”

Kila siku alijiuliza kama si yeye anayemwua, mara ya pili sasa, na safari hii kwa utaratibu.

Wanunuzi wa korosho waliokuwa wakipanda uwandani tangu biashara ilipoachwa huria walikuja na magunia, mizani na habari za dunia. Mmoja wao ndiye aliyemwambia Bernard kwamba ng’ambo kuna unga wa majani unaoponya kisukari kabisa, na kwamba mtu huuagiza kwa kompyuta. Masasi kompyuta zipo, alisema; unaingia dukani, unauliza, inakujibu.

Kwa hiyo wakakubaliana, kama wanavyokubaliana watu ambao hawana jambo la pili la kufanya. Ethel angeshuka Masasi. “Kaiulize hiyo kompyuta,” Bernard alimwambia. “Dawa ikiwepo, agiza. Mchome kesho asubuhi kabla hujaondoka, lakini jioni mimi sitamchoma. Nakwambia mapema ili tusije tukagombana.”

Ethel alimchoma alfajiri. Flora hakulia. Alimtazama tu, kisha akauliza kama anaweza kupata maji.

*

Kibao kiliandikwa kwa mkono: ESHA. UCHAPAJI, FOTOKOPI, INTANETI. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, na mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kamba, akichapa barua ya mtu kwa vidole kumi bila kutazama mikono.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karibu. Unachapa au unaingia mtandaoni?”

Ethel alieleza. Alikusudia kueleza kwa ufupi. Akajikuta anaeleza mpaka kigae cha kuku, mpaka kofi. Bi Esha aliacha kuchapa. Alivuta kiti, akamkalisha mbele ya mashine iliyokuwa karibu na dirisha.

“Mimi nilikuwa mchapaji wa shirika la umma miaka ishirini na mbili,” alisema huku akiunganisha laini ya simu, na mashine ikaanza kupiga miluzi na kukoroma. “Serikali ikasema mashirika yajitegemee, letu likafa, sisi tukapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Wenzangu walinunua ng’ombe. Mimi nikanunua haya madude. Wakanicheka. Ng’ombe wao wameshaliwa. Haya, mwalimu, tuulize nini?”

Waliuliza kwanza kwa Kiswahili. Baada ya dakika nyingi za kusubiri, kioo kilileta mistari miwili isiyohusu kitu. Wakauliza kwa Kiingereza, Ethel akiokoteza maneno ya chuo cha ualimu: mtoto, kisukari, dawa haifanyi kazi.

Ukurasa wa kwanza ulijifungua taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama pazia linaloshushwa. Ulikuwa na majani ya kijani, mzee anayetabasamu, na maandishi makubwa. Unga. Siku thelathini. Chini kulikuwa na shuhuda za watu waliopona, na sentensi moja Ethel aliielewa bila kamusi: tupa sindano zako.

Alimwona Flora bila mabomba. Alimwona Bernard akisema, si nilikuambia.

“Ndio huu,” alisema. “Mama, ndio huu. Tunaagizaje?”

Bi Esha alivaa miwani, akasogea. Hakusoma majani wala mzee. Alishuka moja kwa moja mpaka chini kabisa ya ukurasa, akapanda tena juu, akashuka tena.

“Nani kaandika?”

“Wenye dawa.”

“Jina?”

Hapakuwa na jina.

“Tarehe?”

Hapakuwa na tarehe.

“Kule ofisini,” Bi Esha alisema, “barua isiyo na sahihi wala tarehe tulikuwa hatuipeleki kwa mkurugenzi hata kama imeletwa na mkwe wake. Tunairudisha. Anwani hii hapa ni ya nini? Ya kutuma pesa. Hawajakuuliza mtoto ana miaka mingapi, wameshauliza pesa.”

“Lakini watu wamepona, wameandika hapa.”

“Juma Fulani wa Mahali Fulani. Mwalimu, hao hata mimi naweza kukuchapia hamsini kabla ya adhuhuri.”

Ethel alikasirika. Mwanamke huyu alikuwa na kazi gani ya kumnyang’anya kitu alichokifuata kilomita zote hizi? Akausoma ukurasa tena kwa ukaidi, neno kwa neno, kamusi ndogo mapajani, ili aupate ukweli wake. Ulisema kisukari huletwa na ulafi wa sukari na mafuta. Ulisema mgonjwa apunguze unene. Akamkumbuka Flora, mbavu zinahesabika, mtoto wa chai ya Jumapili. Watu hawa hawakuwa wanamzungumzia mwanawe. Walikuwa hawamjui.

“Tafuta mwingine,” alisema kwa sauti ndogo.

Ukurasa wa pili ulikuwa hauna hata picha. Herufi ndogo, nyeusi, kama sheria za mtihani. Juu kulikuwa na jina la chama cha madaktari wa watoto. Chini majina matatu, mwezi, mwaka, na onyo kwamba maandishi haya hayachukui nafasi ya daktari wa mtoto wako. Bi Esha aliguna kwa kuridhika, kama aliyeona mhuri.

Lakini Ethel hakuridhika kwa majina. Alikuwa amedanganywa mara moja saa ileile, na kabla ya hapo alidanganywa na pua yake mwenyewe. Aliamua kuuhoji ukurasa huu kama anavyomhoji mwanafunzi anayeshukiwa kunakili: kwa kuanza na maswali ambayo jibu lake analijua. Dalili ni zipi? Akasoma, kidole kwenye kioo. Mtoto hunywa maji kupita kiasi. Mtoto aliyekwishaacha kukojoa kitandani huanza tena. Hukonda ingawa anakula. Huenda wazazi wakamkemea, wakidhani ni utundu. Hali ikizidi hutapika, huyumba, pumzi yake hunuka kama tunda lililoiva mno, na wapo waliodhaniwa wamelewa.

Alisimamisha kidole hapo.

“Vipi?” Bi Esha aliuliza.

“Hawa walikuwepo nyumbani kwangu,” Ethel alisema, akaficha uso kwa kamusi.

Bi Esha alimwacha alie. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa ofisi, alifungua ukurasa wa tatu, wa chama kingine cha nchi nyingine, akauliza kama unasema vilevile. Ulisema vilevile. Wakarudi kwenye ule wa pili, mahali palipoandikwa: ikiwa insulini inaonekana haifanyi kazi. Orodha ilikuwa fupi. Je, muda wake umekwisha? Haukuwa umekwisha. Je, imepata jua au joto? Hapana, iko kwenye friji. Je, iliwahi kuganda?

Mstari uliofuata Ethel aliusoma mara tatu, kisha akamwomba Bi Esha amsomee. Insulini iliyoganda, hata mara moja, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, imekufa. Itupwe. Penye shida ya friji, ni afadhali chungu cha udongo chenye maji, kivulini, kuliko barafu.

“Haijaganda,” Ethel alisema. “Kila asubuhi naichukua ni maji. Sijawahi kuiona imeganda.” Lakini alikuwa ameshasimama. “Mama, una simu?”

*

Simu ya Mzee Shamte ilining’inia kwenye msumari wa nguzo ya kibaraza cha duka lake, mahali pekee pa Mkunya ambapo mtandao ulifika. Ililia muda mrefu.

“Haloo! Nani?”

“Shikamoo Mzee Shamte. Mwalimu Ethel. Niko Masasi.”

“Marahaba, marahaba, mwalimu! Sema kwa nguvu, upepo!”

“Ile chupa ya Flora. Unaiweka wapi?”

“Kwenye friji, mwalimu. Iko salama kabisa.”

“Kwenye friji wapi?”

“Aa, wewe usijali. Nilikuwa naiweka na soda huku chini, kisha Swalehe alipochaguliwa Chidya nikasema, hapana, dawa ya mtoto wa mwalimu haiwezi kukaa na soda. Nikaihamishia juu, kwenye barafu yenyewe. Kule hata askrimu zangu nimeziondoa. Iko peke yake kama bwana harusi.”

“Mbona naikuta haijaganda?”

“Si naitoa mapema! Nikirudi msikitini alfajiri naitoa, naifuta, naiweka juu ya kaunta itulie. Nilisema isije ikamwingia mtoto na ubaridi ikamwumiza. Mwalimu? Mwalimu, upo?”

Alikuwepo. Alikuwa anaihesabu Januari. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Mzee yule alimpenda Flora kiasi cha kumwondolea askrimu zake.

“Mzee Shamte, umeharibu dawa. Si kosa lako, hukujua, wala mimi sikujua. Flora yukoje leo?”

Sauti ya upande wa pili ilipungua. “Katapika. Baba yake kampitisha hapa mgongoni, anampeleka kwa dada yake apumzike. Kasema unakuja na unga.”

“Mkimbilie. Mrudishe hapo kwenye simu, na mtoto. Nakata, napiga tena.”

Dakika kumi zile Ethel hakukaa. Bi Esha alichapisha kurasa za chama cha madaktari, na mashine ilizitoa mstari kwa mstari, ikikwaruza kama panya darini. Mteja mmoja aliyekuja kutoa fotokopi alitazamwa kwa jicho moja na mwenye duka, akatoka.

“Mama Flora.” Ilikuwa sauti ya Bernard, inahema.

“Baba Flora, mpeleke Newala hospitali, sasa hivi.”

“Si ulisema unaagiza unga?”

“Unga ni uongo. Dawa ilikuwa nzuri, iliganda kwenye barafu, ikafa. Mwezi mzima tumemchoma maji.”

“Kompyuta ndiyo imesema?”

“Madaktari wamesema, wameandika humo majina yao.”

“Ina maana kompyuta ile ile yenye uongo ndiyo hiyo hiyo yenye kweli?” Bernard hakuwa anakejeli, alikuwa amechoka, na swali lake lilikuwa la haki. “Mimi nitajuaje, mama Flora? Wewe utajuaje? Juzi sindano, leo si sindano, sasa tena sindano. Mtoto kalala huyu. Anataka kupumzika tu.”

Ethel aliangalia karatasi zinazotoka. Angeweza kumsomea zote, kwa Kiingereza chake cha kuchechemea, na zisingemfikia.

“Yuko mgongoni?”

“Mgongoni.”

“Mgeuze akupumulie usoni.”

Upepo wa Mkunya ukasikika kwenye simu, na kuku mahali fulani.

“Inanuka nini, baba Flora?”

“Mabibo,” Bernard alisema.

“Mabibo yaliisha lini?”

Ilikuwa Februari. Mikorosho yote ya uwanda ilikuwa imesimama na majani matupu, na madumu ya dada yake yalikuwa yameoshwa na kupinduliwa tangu Krismasi. Hapakuwa na bibo hata moja katika wilaya nzima la kumsingizia mtoto.

“Mzee Shamte!” Ethel alimsikia mumewe akipiga kelele mbali na simu. “Washa pikipiki yako!”

*

Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, na Bi Esha alifunga duka ili amtafutie mwenye baiskeli. Nesi Huruma alisikiliza, akaweka mkono mdomoni.

“Sikukuambia isigande?”

“Sijui, dada. Huenda uliniambia.”

“Na mimi sijui. Niliwaambia wengi.” Wakatazamana, wanawake wawili ambao kila mmoja alikuwa tayari kuwa mkosaji. Kisha nesi alikwenda kwenye kabati, akarudi na kichupa kimoja. Kilichobaki kilikuwa cha watoto wengine wawili. “Hiki kitakufikisha mwisho wa Machi. Baada ya hapo, Mungu na bohari ya dawa wanajua.”

Ethel alinunua sokoni chungu kidogo cha udongo, akakijaza maji nusu, akakifunika kitambaa chenye unyevu, na ndani yake, katika kikopo, akaiweka dawa. Alipanda mteremko kwenye roli la saruji, amekipakata chungu kile kama mtoto mchanga, na matope ya Februari yaliwachelewesha mara mbili. Kila roli liliponasa alifunika chungu kwa mikono yake yote na kuwaza jambo moja. Aliwaza kwamba amekuwa mwalimu miaka kumi na sita na hakuwahi kuwafundisha watoto kuuliza nani kaandika. Aliwaandikia ubaoni, wakanakili, akawapa vema.

Alifika Newala jua likitua. Mzee Shamte alikuwa amechutama nje ya wodi, kofia mkononi. Alipomwona alijaribu kusimama. Ethel alimgusa bega na kupita.

Flora alikuwa na dripu mkononi. Alikuwa amefumba macho, na pumzi ilikuwa bado nzito, ila si ile ya kupanda mteremko. Bernard alikaa pembeni ya kitanda, mgongo wa shati lake umekaukiwa na matapishi.

“Wamemchoma hapa mara mbili,” alisema. “Daktari aliuliza nani kajua kwamba dawa iliganda. Nikamwambia mke wangu.” Akatazama chungu. “Hiyo nayo itakwisha lini?”

“Mwisho wa Machi.”

“Na Aprili?”

“Sijui, baba Flora.”

Aliinama akamnusa mtoto. Ilikuwepo bado, ile harufu tamu, hafifu, kama bibo moja lililosahauliwa nyuma ya nyumba. Hakujua kama inaondoka au inarudi. Alivuta kiti akakaa, karatasi za Bi Esha kwenye mapaja, na akawa anainama kunusa kila baada ya muda, kama mtu anayerudia kusahihisha swali moja kwa kuogopa jibu lake mwenyewe.

Giza lilipoanza kuingia, muuguzi akaja kupima. Alichemsha matone, akainua kichupa cha kioo kwenye mwanga wa taa. Machungwa. Si tofali, machungwa. Ethel hakuwa na daftari. Aliandika neno hilo nyuma ya karatasi ya madaktari, na tarehe.

Flora alifumbua macho. Alimtafuta mama yake kwa muda, akamwona. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

“Mama,” alisema, “naruhusiwa maji?”

Kufuli lilikuwa limeondolewa kisimani tangu Desemba. Ethel alimtazama muuguzi, na muuguzi akaitikia: kidogo kidogo. Akainuka, akamimina kikombe kikajaa mpaka ukingoni, na maji mengine yakamwagika sakafuni. Hakuyatazama. Alimwinua mtoto kwa kisogo, akamwekea kikombe mdomoni.

“Kunywa, mwanangu,” alisema. “Usiniombe tena ruhusa.”